Udongo wa Tuta Refu

Nyuma ya nyumba yetu, upande wa Ipagala, lilipita tuta refu la udongo lenye handaki ubavuni. Waliliinua watu wa kale ambao hata makaburi yao hayajulikani. Sheria yake ilikuwa moja: udongo wake hauondoki. Ng'ombe akilibomoa kwa kwato, mchungaji huokota bonge na kulirudisha kwa mkono. Ilisemwa kwamba tuta ndilo linalomwongoza aliye safarini. Nyumba itakayolichota, mtu wake hataiona njia.

Mwaka ambao askari wa Mjerumani walimchukua baba kwenda kujenga reli, paa bapa la udongo la nyumba yetu ya tembe lilikuwa limepasuka, na mvua zilikaribia. Mama alinituma udongo wa kichuguu. Kichuguu kilikuwa kando ya kambi ya wanyapara wa reli, nami ni mtu wa haya. Mgeni akinisalimu, sauti hunikauka. Nikajaza kikapu kwenye tuta. Mara saba.

Mama na shangazi waliutandaza paani na kuupigapiga kwa viganja.

"Wifi, udongo laini huu!" shangazi alicheka. "Kaka akirudi atadhani amekosea nyumba."

"Arudi kwanza," mama alisema.

Nilikung'uta kikapu, nikakiangika.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, nilisikia mtu akitembea juu ya paa. Hatua za taratibu, pembe hadi pembe, kisha zinageuka. Nilitoka nje. Hapakuwa na mtu, wala mbuzi. Ikawa hivyo kila mchana. Mama naye alisikia. Siku moja aliacha kusaga, akatazama juu.

"Anatafuta mlango," alisema.

Hapo ndipo nilipomwambia nilikouchota ule udongo. Hakunipiga. Alichukua jembe, akapanda paani. Tuliubandua wote, tukaurudisha kikapu kwa kikapu, mpaka vumbi la kufagia. Shimo nililoliacha kwenye tuta halikujaa. Lilibaki na kina cha kiganja. Mvua ilitukuta chini ya miti mitupu ya paa.

Baada ya mavuno, wenzake baba walirudi. Mmoja alituambia walirudi pamoja naye, wakaagana naye akiwa mzima, mahali pale mtu anapoanza kuliona tuta.

"Alituaga akicheka," alisema. "Kwani hajafika?"

Mpaka sasa ninapoandika haya, mama hafungi mlango mchana.