Waliniimbia Nyimbo za Msiba Nikiwa Hai

Admin, ficha jina langu na usiweke picha yoyote. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, naishi Juba kwa mtoto wangu wa kwanza, huku New Site. Kiswahili nilikipata Kitale, nilikokimbilia vita nikauza mboga miaka kumi na saba, kwa hiyo wale watakaosema mama mzee hawezi kuandika hivi waniache. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kutulizwa.

Kuna shida inayonijia kila mwaka. Mvua zikianza na mawingu yakifunga wiki nzima, mimi nakwisha. Nalala mapema, naamka saa nne asubuhi bado nimechoka. Chakula hakina ladha. Kuoga ni kazi. Nalia na sijafiwa. Jua likirudi mwishoni mwa mwaka narudi kuwa mtu, nacheka, nacheza kanisani mpaka vijana wanashangaa. Imekuwa hivyo tangu mume wangu afariki, huu ni mwaka wa nane.

Nilipokuwa Gumbo, ng'ambo ya daraja la Nile, niliishi nayo. Nilikuwa na rakuba yangu, kile kibanda cha nguzo na nyasi, kando ya barabara ya Nimule, nikisaga na kuuza karanga na rafiki yangu Keji. Asubuhi ya mvua nikikataa kutoka, Keji alikuja kunigongea mpaka nifungue. "Wewe toka nje, utalia huku unachambua karanga," ananiambia. Na kweli nililia huku nachambua, siku nyingine wateja wakiniona. Lakini nilikuwa nje kwenye mwanga, na mtu kando yangu. Ikifika mchana kifua kimelegea kidogo.

Kisha mwanangu akapata kazi nzuri, akajenga, akaja kunichukua. Kwetu mama mzee akikaa barabarani kuuza, anayechekwa ni mtoto wake. "Mum, umeteseka inatosha. Watu wanasema nimeshindwa kukulisha," akaniambia. Rakuba aliivunja kwa mikono yake siku hiyo hiyo. Akanipa chumba cha nyuma, kitanda kikubwa, pazia zito na dirisha linalotazama ukuta. Nilimshukuru. Leo nikikumbuka ile asante najichukia.

Mvua za mwaka jana zilinikuta humo. Nilishinda kwenye giza wiki tatu. Siku moja nikasema sasa basi, nikavuta godoro langu mpaka sebuleni, nikaliweka chini karibu na mlango mkubwa, nikaufungua, nikalala nikitazama nje. Hilo tu. Sasa nyinyi wa Juba mnajua, godoro likitolewa sebuleni likawekwa chini, hiyo ni bika, watu wanakuja kukaa matanga. Mke wa mwanangu, aliyekulia Uganda, akarudi kutoka sokoni akasimama mlangoni na mfuko wake.

"Mama, nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nataka mwanga. Hakunisikia. Alifikiri nimejua siku yangu imefika, nimejitandikia mapema, akapiga simu kanisani.

Kabla ya saa tisa akina mama wa kanisa walishajaa. Wakavua viatu, wakakaa kwenye mkeka, wakaanza zile nyimbo tunazomwimbia mtu anayeondoka. Mmoja akaniuliza polepole ningependa nivalishwe nguo gani. Mimi nina macho, nina masikio, nimelala pale pale. Nikamwambia sifi.

"Habuba, bibi yetu, wewe iko na Mungu. Usiogope, enda na amani," akanijibu huku ananipapasa mkono.

Nikainuka nikawafukuza wote, na mkeka wao nikautupa kwenye matope. Ungedhani mwanangu angeuliza mama anaumwa nini. Alichoniuliza ni kwa nini nimemtia aibu mbele ya kanisa. Tangu siku hiyo, wakienda kazini mlango mkubwa unafungwa kwa ufunguo, godoro lisitoke tena, nami napita mlango wa jikoni kama kuku.

Jirani yetu mmoja ni nesi, Mkenya. Nilimweleza kila kitu. Akaniambia, "Mama, huu si uzee na hujalogwa. Ni ugonjwa wa huzuni, na kuna watu unawashika kila msimu. Asubuhi utoke kwenye mwanga, utembee, ukae na watu. Na ukiona unatamani kufa, kuja hospitali siku hiyo hiyo, kuna matibabu." Nililia kwa furaha, kumbe kitu changu kina jina. Nikampelekea mwanangu habari hiyo.

"Mama yangu si kichaa," akasema. "Hiyo kitu usiitaje tena mbele ya watu."

Mpango wake ni kwamba mwaka huu nitulie chumbani, na kila Jumatano watu waje kuniombea humo humo. Maombi nayapenda. Kuombewa kwenye giza nililofungiwa na mtu ndiko nimekataa.

Wiki iliyopita Keji alinipigia simu. Amejenga rakuba nyingine, kiti changu kipo, na kile chumba changu cha zamani hakina mtu. Nilipomwambia mwanangu, alinijibu bila kunitazama. "Ukivuka lile daraja kurudi Gumbo, mimi sina mama." Huyu ndiye niliyembeba mgongoni mpaka Kenya.

Jana mawingu yalifunga tangu asubuhi, na sikuoga. Najijua. Nimebakiza kama wiki mbili, baada ya hapo sitakuwa na nguvu ya kuamua hata nivae nini. Nikienda nampoteza mtoto. Nikibaki, siku moja wale akina mama watarudi na mkeka wao, na safari hii sitainuka kuwafukuza.

Nishaurini, nivuke daraja au nibaki? Na mnijibu haraka, wakati bado nina hamu ya kusoma.