Kisigino cha Bwana Mkubwa

Baba yangu si msomi, mtu asikudanganye. Ni fundi wa mifupa kwenye chumba cha chini cha makumbusho. Miaka thelathini na minne amechokoa mawe kwa sindano na mswaki, akitoa mfupa mmoja mmoja na kuuunga kwa gundi. Wasomi wameandika vitabu. Yeye amerudi nyumbani na vumbi jeupe kwenye nyusi. Ukimharakisha anakujibu, "Haraka haraka haina baraka." Hata chai anaikoroga polepole mpaka unataka kumpokonya kijiko.

Mnyama wake mkuu tunamwita Bwana Mkubwa. Ni jamaa wa mamba, wa enzi ambazo binadamu hakuwepo hata kwa dawa, ila huyu aliishi nchi kavu. Mamba wa leo hutanua miguu pembeni. Bwana Mkubwa alisimama miguu ikiwa wima chini ya tumbo, kama ng'ombe, kwa sababu nyonga yake ilikuwa na paa la mfupa lililokaa juu ya kichwa cha paja. Baba alinieleza hayo nikiwa na miaka sita, kwa kuweka ngumi yake chini ya kikombe kilichopinduliwa. Meno ya msumeno, safu mbili za vigae vya mfupa mgongoni, yote nayajua kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Na nilimwonea wivu mnyama huyo, nakiri. Mama ana wimbo wake: siku niliyozaliwa, Baba alifika hospitali jioni, mikono imejaa plasta, ile chokaa ya kuzibia mifupa, wageni wote wameshaondoka. "Mifupa kwanza, mtoto baadaye," husema mpaka leo. Neno hilo limenikaa kooni tangu utotoni.

Sasa juzi, Bwana Mkubwa akiwa anaandaliwa kusimamishwa ukumbini, na Baba amebakiza wiki mbili astaafu, akaja kwangu ninaposhonea. Akakaa, akakunja kofia yake mara tatu.

"Mama," akaniita kama anavyoniita tangu utotoni, "nina aibu. Kisigino cha mguu wa kulia nilichobandika ni cha kushoto."

Macho yake yamefifia, vidole ndivyo vilivyomwambia. Kwenye kifundo cha mnyama yule, mfupa mmoja una kichwa kidogo kinachozunguka ndani ya kishimo cha mwenzake. Hapa kichwa hakikuingia. Pengo lilizibwa kwa plasta. Kisigino chenyewe cha kulia kimelala kwenye droo miaka yote, kimeandikwa cha kushoto, kikisubiri mguu wa kushoto uungwe.

Nikacheka. "Yaani fundi mzima umeshona mkono wa kulia begani kushoto!"

Hakucheka. "Atachechemea mbele ya watoto wa shule, na ni kazi ya mkono wangu."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Mkuu wake alikuwa amempa siku moja tu kabla mafundi vyuma hawajaja, na akamwonya: mfupa ule uliobandikwa una nyufa kama biskuti, na ukivunjika hakuna wa kushoto mwingine. Mikono ya Baba siku hizi inatetemeka. Yangu inatunga uzi gizani. Jamani, ningemkatalia vipi?

Kesho yake tulikaa sisi wawili mezani kwake. Nilidondosha dawa ya kuyeyusha gundi, ileile ya kufutia rangi ya kucha, tone kwa tone, huku yeye akishika mguu na kuninong'oneza, "Ngoja. Ngoja kwanza. Haya." Saa tatu nzima. Kisigino kilipoachia, kikiwa kizima, nilipumua kama niliyetoka kuzaa. Plasta ikabanduka kipande kizima, na upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi. Mafundi wale huandika tarehe kila wanapoziba kiungo.

Ilikuwa tarehe yangu ya kuzaliwa.

"Baba, hii nini?"

Akauweka mguu mezani polepole. "Simu ilipigwa hapa mchana. Wakasema mama yako yuko leba. Gundi ilikuwa inakauka mkononi, nikabandika kilichokuwa karibu, nikaziba, nikatoka mbio. Nikakimbilia hospitali siyo. Nilizunguka wodi zote nikimwita, mpaka mlinzi akanitoa. Kufika kwenu, jioni."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Mama yako alikuwa ameshanuna. Ningejitetea angesema naongeza na uongo." Akanitazama kwa yale macho yake mabovu. "Ila nilikimbia, mama. Nilikimbia sana."

Nililia palepale, machozi yakadondokea meza ya serikali, naye akanifuta kwa kitambaa cha kufutia mifupa. Kisha tukafungua droo. Kisigino cha kulia kiliingia mahali pake kwa mlio mdogo, bila kulazimishwa.

Plasta ile nimeiomba. Jana Mama alipokuja nilimpa aishike, nikamsimulia yote. Akaisoma tarehe, akaigeuza, akaisoma tena. Halafu akauliza, "Baba yako amekula?"