Kofia ya Vendula

Vendula, fundi cherehani wa mji wa Brno, nchini Cheki, alitaka kuongoza kikosi cha klabu yao ya mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Kofia yake aliishonea taa tatu zenye mwanga usioonekana kwa macho, na kamera ya kompyuta akaifunika kwa kipande cha filamu nyeusi ya picha za zamani, ili ione taa hizo tu. Akigeuza kichwa, rubani wake kwenye mchezo naye anageuka.

Otakar, kijana wa klabu hiyo aliyenunua dukani kifaa cha kazi hiyohiyo, alimcheka. "Shangazi, hiyo kofia ya kurukia au ya kufukuzia kunguru?"

Jumapili ya majaribio ya kumchagua kiongozi, kama ilivyo desturi kabla ya Krismasi, mtu aliwasha mishumaa mezani. Mara ndege zao zote mbili zikaanza kuyumba kama walevi.

"Kifaa kimekufa!" Otakar alilia.

"Hakijafa, mwanangu. Moto nao una mwanga ule usioonekana; kinauona, kinadhani ni kichwa chako." Vendula akaipuliza mishumaa, na ndege zikatulia.

"Umejuaje?"

"Nimetengeneza changu kwa mikono yangu. Wewe ulifungua boksi tu."

Kura zilipopigwa, mkono wa kwanza kumchagua Vendula ulikuwa wa Otakar.

"Haya, nifuate," alisema Vendula, akiiweka kofia sawa. "Na usiniwashie kitu."