Chuma Hakisalimiani kwa Vidole

Nakumbuka siku moja kule Shirere, miaka ya tisini ikianza, nilipoangushwa na waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu. Cheka, mwanangu. Ukimaliza nitakukaripia, maana jana nilipita pale unapojenga, nikarudi nyumbani na hasira.

Nilikuwa nafunga vyuma vya boriti ya sebule ya Mama Rasoa, mjane mwenye watoto wanne, ambaye juu ya sebule hiyo alitaka vyumba vya wapangaji. Mimi mtu wa nyumbani tangu zamani. Saa tisa ikigonga, miguu yangu inanusa obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa nyumbani. Vyuma virefu vilikuwa vimebaki dukani mjini. Niende tena? Nikaunga vipande. Nikavipishanisha shubiri moja, waya raundi tano, na viungo vyote katikati ya boriti, pale mzigo unapovuta zaidi. Kidato cha nne nilikuwa nacho, akili, kidogo.

Mzee Luvisia, fundi mkuu, akachomoa chuma kimoja nilichokiunga, akakilaza juu ya mawe mawili.

"Panda katikati."

"Mzee, nimekaza raundi tano!"

"Panda, fundi wa waya!"

Nikapanda. Kiungo kikajikunja, nikakalia kokoto. Mzee hakucheka.

"Waya inazuianga tu chuma isihame. Zege ndiyo inashikanga! Sasa shubiri moja itashika nini? Ukivusha mtoto mto Isiukhu umefurika, unamshika kidole ama mkono mpaka kiwiko? Hapa chini watalala watoto wa wenyewe. Fungua yote!"

Nilifungua. Obusuma nikaila baridi, na ingokho ilibaki shingo.

Na wewe jana nakukuta umeunga vyuma vya boriti shubiri moja vilevile, kisha unaniambia, "Baba, zege itafunika." Itafunika, ndiyo. Hata kaburi hufunika! Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa boriti hauzibwi kwa plasta.

Sikia basi. Chuma cha milimita kumi na mbili kipishane futi mbili, yaani mara hamsini ya unene wake. Ramani ya injinia ikidai zaidi, fuata ramani. Viungo visikutane mahali pamoja, wala visikae chini katikati ya boriti. Ncha iingie ndani ya nguzo, ipindwe, ishike.

Kesho unamwaga zege. Usimwage. Fungua kwanza, hata chakula kipoe.

Mungu akupe mikono inayoshika mpaka kiwiko, mwanangu, na wanaolala chini ya kazi yako waamke wote.