Nilivyocheza mzimu Mbulu nikamwamkia bibi wa watu katikati ya igizo

Wakuu, habari za majukumu. Kisa hiki hakuna aliyenisimulia. Nilikuwepo, na unga ulikuwa usoni mwangu mimi mwenyewe. Mwenye kubisha ruksa, ila amalize kusoma kwanza.

Ni Mbulu mjini, miaka ile mkoa wa Manyara bado mchanga. Wenye hela walikuwa wanamiminika kununua viwanja vya mtaa wetu, nyuma ya soko.

Leo unapita unaona nyumba ya udongo na zizi la ng'ombe. Ukirudi baadaye unakuta gesti yenye vigae, na mlinzi anakuuliza unamtafuta nani. Namtafuta nani! Mtaa niliozaliwa!

Sisi vijana wa kanisani tukaamua kutoa igizo. Mtunzi alikuwa Sabina, mwalimu wa shule ya msingi, mkali kama pilipili. Story yenyewe: tajiri ananunua nyumba ya zamani, anaibomoa, anajenga baa. Mzimu wa mwenye nyumba unaibuka na kudai chumba chake cha kulala. Yaani unaogopa huku unacheka.

Mzimu nikapewa mimi, kwa ajili ya urefu na wembamba. Nikafungwa shuka, nikapakwa unga wa mahindi mpaka kwenye kope. Confidence ilikuwa imepanda hadi kichwani.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Mstari wa mbele alikaa Bibi Magdalena, jirani yetu, mjane. Pembeni yake mwanae Paskali, mtu wa kazi zake Arusha, aliyekuja kuuza nyumba ya mama yake. Mnunuzi alishapatikana, anataka kujenga gesti yenye baa, Jumatatu wanaandikishana.

Shida ni kwamba mume wa bibi amezikwa palepale uani, kama ilivyo kwetu. Bibi alishamlilia mama yangu kwamba hataki kuhama, lakini kumpinga Paskali hawezi, ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mtaa mzima tulijua, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Basi, Jumapili baada ya ibada, ukumbi umejaa, madirisha tumeziba kwa magunia kuwe giza. Nikaibuka kutoka kwenye kihenge cha mahindi tulichokiweka jukwaani, nikinguruma. Watoto wakapiga yowe. Mzee mmoja alitoka nje na hakurudi tena. Raha niliyoisikia siku ile, wakuu, siwezi kuieleza!

Script inasema nimkimbize tajiri ukumbini. Jamaa aliyecheza tajiri, sijui alichanganyikiwa, akaenda kujibanza nyuma ya Bibi Magdalena.

Nikafika mikono juu, meno nje, uso kwa uso na bibi.

Kwetu hupiti mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Nimefundishwa hivyo kwa fimbo. Mdomo ukajisemea wenyewe:

"Shikamoo bibi."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walidondoka kwenye mabenchi. Nyuma ya pazia nikamsikia Sabina akinilaani kwa sauti ya chini.

"Marahaba," bibi akaitikia, hata hacheki. Na ukishaamkia, lazima uulizwe habari za utokako. "Huko ulikotoka hawajambo?"

Ningefanyaje? "Hawajambo, bibi."

"Na mzee wangu umemwona?"

Kicheko kikaanza kupungua.

"Nimemwona. Anakusalimia."

"Na wewe ukirudi nisalimie. Mwambie Jumatatu nyumba inauzwa. Akisikia muziki unapigwa juu yake asishtuke, ni mwanae ameamua. Sijakasirika. Ila mimi sijaulizwa."

Hapo watu wote wakamgeukia Paskali.

Paskali akasimama. Mtu wa miraba minne, ana koti na kofia. Nikajua sasa nakula kofi mbele ya kanisa zima, na nilishaanza kufumba macho.

Akavua kofia. Akainamisha kichwa mbele yangu mimi, kijana wa kutumwa dukani.

"Shikamoo baba."

Wakuu, niliitikia. "Marahaba." Sijui ile sauti niliitoa wapi.

"Jumatatu siendi popote," akasema.

Bibi akamvuta koti. "Basi kaa chini, igizo liendelee."

Ukumbi ukapiga makofi, mimi machozi yananitoka, na unga usoni ukawa uji. Nilimkamata tajiri nikiwa sioni mbele. Sabina aliapa hatanipa nafasi tena, halafu wiki iliyofuata akaja kuniuliza kama nitaweza kulia vilevile kwenye maonyesho kule Dongobesh.

Mnunuzi alipata kiwanja kwingine, gesti akajenga. Bibi aliishi kwenye nyumba yake mpaka alipofariki, na sasa amelala uani kando ya mzee. Paskali ndiye aliyeshika jembe la kwanza kulichimba lile kaburi.

Nilichojifunza: wazee wetu hawakatai maendeleo, wanataka tu kuulizwa. Na wakati mwingine ni rahisi kumwambia mzimu kuliko mtoto uliyemzaa.

Karibuni kwa maoni, hata ya kunicheka. Ila wewe unayepiga hesabu za kiwanja cha nyumbani, kabla hujacomment, mpigie mama. Muulize anataka nini, halafu unyamaze umsikilize.