Hajaamka Tangu Mwezi wa Nne

"Mimi sijaamka tangu mwezi wa nne?" Mama Vifungo aliuliza. "Basi mashuka wanayolalia wagonjwa wako yameshonwa na nani? Na jini?"

Karani wa watumishi hakuinua macho kwenye kompyuta yake. Alisema mfumo ndio unaoonyesha hivyo, na yeye hana la kuongeza wala kupunguza. Mama Vifungo alimwambia atazame daftari la msimamizi, ambamo jina lake lipo kila siku na mshahara wake wa kibarua umelipwa kwa daftari hilo hilo.

"Daftari ni la mishahara, mama. Orodha ya ajira ya kudumu inatoka kwenye Amka. Na imeshafungwa."

Amka ni programu ya kuhesabu mahudhurio. Hospitali iliinunua mwaka juzi, na haikupita miezi miwili jina likawa limezoeleka midomoni kama salamu. Pale ndani ukiulizwa kama umeamka, hakuna anayejali usingizi wako. Anataka kujua kama umebonyeza. Ipo na Kisima, programu ya stoo. Kibarua mmoja mgeni aliambiwa sabuni imekwisha, aangalie Kisima, akabeba ndoo akazunguka nyuma ya majengo nusu saa nzima akitafuta maji. Walimcheka wiki nzima, na aliyemcheka zaidi ni Mama Vifungo. Lugha ya hospitali alikuwa anaijua vizuri sana. Alichokosa ni simu.

Amka inataka simu ya kioo kikubwa, na kati ya wanawake tisa wa chumba cha kufulia na kushona mwenye nayo alikuwa mmoja, mpiga pasi waliyemwita Kidole. Jina lilitokana na kubonyeza. Kila asubuhi, kabla hajajifunga aproni, aliketi juu ya katoni ya sabuni akabonyeza majina tisa, lake la kwanza. Wenyewe waliita kuamshana. Kanuni ilikataza, msimamizi alijua, na kila mtu alifumba macho kwa sababu kazi ilikwenda.

Mwezi wa pili mtoto wa Kidole alilazwa wodi ya watoto. Kwa zamu kumi na moja mama mtu alikaa kitandani kwa mwanawe, akijiamsha na kuwaamsha wenzake kutoka huko huko, na Mama Vifungo akapiga pasi zake zote, mbali na mashuka yake mwenyewe ya kushona. Hakudai kitu. Kidole alisema, dada, hizi zamu nitazirudisha. Kisha mwezi wa nne wakakorofishana kwa jambo la kipuuzi: Mama Vifungo alisema mbele ya wote kwamba Kidole anapiga pasi kwa ulimi. Wote walicheka, isipokuwa mwenye ulimi wake. Tangu asubuhi iliyofuata Kidole alibonyeza majina manane.

Hakumwambia mtu. Mishahara ikaendelea kutoka kwa daftari, na anayeshinda akishona ataonaje kilicho ndani ya simu ya mwenzake?

Alipotoka kwa karani, Mama Vifungo alisimama kwenye korido. Miaka sita ya kibarua alikuwa akiingoja ile orodha, na haikuwa kwa ajili ya mshahara peke yake. Chumba namba saba kwenye kota za watumishi alipewa kwa muda, na sasa waliokosa orodha walitakiwa kurudisha funguo ifikapo Jumamosi. Humo alikuwa akiishi na mama yake, kipofu. Bibi yule alikijua chumba kwa miguu: hatua nane hadi mlangoni, kumi na nne hadi chooni, mkono wa kushoto ukifuata ufa wa ukuta. Miaka sita hakuwahi kuomba mtu amshike mkono. Umhamishe mtu wa namna hiyo umwambie nini?

Alirudi chumba cha kufulia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi. Wenzake walitega masikio. Alimuuliza Kidole swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama ni kweli.

"Nilitaka ukae siku mbili ujifunze," Kidole alisema. "Halafu nikaona aibu kukurudisha. Sikujua habari ya orodha, dada. Wallahi sikujua."

Alizima pasi, akaenda kwa karani na aproni yake mbichi, akaungama kila kitu, hata kile cha kuamshana kilichoweza kumfukuzisha kazi. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema programu hairuhusu kusahihisha siku za nyuma zaidi ya saba, na kwamba angependa sana kama asingeambiwa.

Jumamosi funguo zilirudishwa. Mama Vifungo alipata chumba cha kupanga mtaa wa pili, chenye choo cha nje, ngazi mbili na mfereji wazi katikati ya ua. Siku ya kwanza bibi aliteleza akajigonga goti. Aliketi kitandani akasema hana haja tena ya kutoka, wamletee ndoo. Mama Vifungo alimtazama mamaye akiomba ndoo, naye akatoka uani akalia akiwa ameuma kanga.

Jumatatu alfajiri alijiandaa kwenda kazini, hajui amwache vipi mama yake. Mlangoni alimkuta Kidole.

"Kaa na mama," Kidole alisema. "Nina zamu zako kumi na moja. Msimamizi nimeshaongea naye. Nitashona na nitapiga pasi, na jina lako nitalibonyeza la kwanza."

Mama Vifungo hakumkaribisha ndani. Hakumfukuza pia.

Siku kumi na moja alimfundisha mama yake ua mpya. Alifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, akaweka ubao juu ya mfereji, wakahesabu pamoja: ngazi, ngazi, sita hadi ubao, tisa hadi choo. Bibi aligoma, akatukana, akaanguka mara nyingine, akahesabu tena. Huko kazini Kidole alijidunga sindano vidole vitatu, na jina la Mama Vifungo likaanza kuhesabiwa upya, kutoka moja.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili bibi alikwenda chooni peke yake na kurudi. Mama Vifungo alimsubiri afike kitandani, ndipo akatoka kwenda kazini. Kidole alikuwa juu ya katoni yake ya sabuni, simu mkononi. Alihama kidogo akamwachia nafasi.

"Hatudaiani," Mama Vifungo alisema, akaketi.