Kaske Tatu na Sikio Langu la Kuume

Miezi ile nilikuwa nauawa kila mara kutoka upande wa kuume. Nazungumzia mchezo wa kompyuta. Mimi ni mkunga, nina miaka arobaini na mmoja, na majirani zangu hapa Kalemie, Kongo, hawakujua kwamba nikitoka zamu asubuhi, nikishapika na kuoga, nafunga pazia la sebuleni na kucheza mchezo wa vita pamoja na mdogo wangu wa kike anayeishi Lubumbashi. Mume wangu alijua. Yeye anafanya kazi gare, kwenye stesheni ya treni, anarudi na mafuta ya mashine kwenye kucha, na hakuwahi kuniuliza kwa nini mama mzima anakimbizana na askari wa kwenye kioo. Wodi ya wazazi ina vilio vingi. Kule kwenye mchezo nikifa, naamka tena.

Katika mchezo ule masikio yanafanya kazi kuliko macho. Adui humwoni, lakini unasikia buti zake kwenye kokoto, unajua yuko nyuma au mbele, kushoto au kuume, unageuka kabla hajakuwahi. Mimi nilikuwa mzuri kwa hilo. Mdogo wangu alikuwa ananitanguliza kwenye nyumba zenye giza kwa sababu nilisikia kabla yake. Halafu, bila mimi kujua ni lini hasa, nikaacha kusikia.

"Yaya! Amepita kuume kwako, hukumusikia?" Yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

"Sikumusikia."

"Alikuwa anakimbia kama ng'ombe!"

Nikacheka. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine vilevile. Tena kulikuwa na mlio: shiii, kama mafuta yanayoanza kuchemka kwenye kikaango, wakati wote nikiwa mbele ya mashine. Mdogo wangu aliuchukua kama jambo la kawaida kabisa. Kompyuta yangu ilikuwa ya biro, ya kazi za ofisini, ya mkono wa pili, na mashine za namna hiyo, alisema, umeme wa ndani unaingia kwenye sauti. "Nunua carte son ya nje, ile ndogo ya kuchomeka pembeni, itaondoa huo mlio. Na hiyo kaske yako itupe, upande mumoja umekufa."

Basi nikaenda kutafuta kaske ya kuvaa masikioni na kadi ya sauti.

Karibu na bandari kuna papa mmoja, baba mtu mzima, anayeuza vitu vya kompyuta vinavyovuka ziwa kutoka Kigoma. Zamani alikuwa akitengeneza redio, na hata leo akishika kitu chochote chenye waya anakisikiliza kwanza kabla ya kukitazama. Alinipangia kaske tatu juu ya kitambaa, kila moja na sifa zake. Ya kwanza ilikuwa ya ngozi, inafunika sikio lote. "Hii inafunga dunia nje, Mama. Lakini utatoka jasho." Ya pili ilikuwa ya kitambaa, mgongo wake una matundu, sauti inavuja, mtu wa pembeni anasikia unachosikia. Kwa kutambua mtu anatoka wapi, alisema, hiyo ndiyo bora, sauti inakuwa pana kama uko uwanjani. Ya tatu ilikuwa na taa za rangi. "Hizi taa hazikusaidii kusikia. Zinanisaidia mimi kuuza."

Alichomeka kadi ya sauti kwenye kompyuta yake, kidude kisichozidi kiberiti, akanivalisha ile ya ngozi, akafungua jaribio. Sauti ya mwanamke ikasema kwa Kifaransa: *gauche,* yaani kushoto. Halafu kimya. Halafu tena: *gauche.* Kimya.

"Hii upande wa kuume imekufa, Papa."

Akaivaa yeye. Akasikiliza, akanitazama, akaitoa, akanipa ya kitambaa. *Gauche.* Kimya. Nikasema hii nayo. Akanipa ile ya taa. *Gauche.* Kimya.

"Basi itakuwa ni kadi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa juu kidogo.

Alikuwa na kadi nyingine, ya bei zaidi, yenye kitufe cha kuzungusha. Akaibadilisha taratibu. Nilimwona anachelewesha mikono. Nikasikiliza tena, mambo yakawa yaleyale. Ndipo yule papa alipofanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka. Aliinyanyua ile kaske kichwani mwangu kwa mikono miwili, kama mtu anayemvua mgonjwa kofia, akaigeuza: upande uliokuwa kuume akauweka kushoto. Akabonyeza.

Kimya kwanza. Halafu, wazi kabisa, ndani ya sikio langu la kushoto, yule mwanamke akasema: *droite,* kuume.

"Kaske haina kitu, Mama," alisema polepole. "Na kadi haina kitu."

Sijui niliaga vipi. Nakumbuka nilivuka barabara na katikati nikashtukia moto, pikipiki ya abiria, imenipita ubavuni, upande wa kuume, karibu mno hadi kitambaa changu kiliruka, na dereva alikuwa amegeuka ananitukana kwa mdomo mkubwa kwa sababu bila shaka alikuwa amepiga honi tangu mbali. Nikakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Na pale, mbali na kompyuta yoyote, nikausikia ule mlio: shiii. Haukuwa wa mashine. Ulikuwa wangu.

Hofu ya kwanza ilikuwa ya mwili wangu tu. Nilijiziba sikio la kushoto kwa kidole, na soko lote, mapikipiki, mama wa samaki wadogo wa ndagala anayeita wateja, vyote vikaondoka kama mtu aliyefunga mlango. Nikatoa kidole haraka. Nikaziba tena. Nikatoa. Mtu angeniona angesema nina wazimu.

Hofu ya pili ilikuja nikiwa njiani kwenda nyumbani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Sisi wakunga wa kituo chetu bado tunatumia pembe ya mbao: unaiweka tumboni, unaweka sikio juu yake, unashika saa, unahesabu moyo wa mtoto. Kila mkunga ana sikio lake, kama mtu alivyo na mkono wake wa kula. Langu ni la kuume. Miaka kumi na sita, la kuume.

Nilianza kuwapitia kichwani mama wote niliowapima wiki zile. Wengi walikuwa wameshajifungua salama, wengine walipimwa na wenzangu baada yangu. Alibaki mmoja. Msichana wa mimba ya kwanza, mumewe fundi wa meli, wanakaa ng'ambo ya daraja la Lukuga. Siku kumi zilikuwa zimepita tangu nimpime. Nilikumbuka nimeinama juu yake, nimeweka sikio, na sikusikia. Nilikumbuka nimejiambia kwamba mtoto amegeuka. Halafu nilikumbuka kalamu yangu ikiandika kwenye fishi yake, ile kadi ya kliniki: mia moja thelathini na sita. Katikati ya mambo hayo mawili sikukumbuka kitu. Foleni ilikuwa ndefu siku ile. Je, nilimsikia yule mtoto, au mkono uliandika tu namba ambayo umezoea kuandika?

Nilimwambia mume wangu mambo yote mawili kwa sentensi moja, sikio na mtoto, nimesimama mlangoni na viatu. Alikuwa anakula. Alinawa mikono.

"Unajua nyumba yake?"

"Najua mtaa."

"Twende."

Tulichukua moto mbili. Nilipita kituoni kuchukua pembe yangu, na mwenzangu wa zamu akaniambia kitu kutoka kuume, nikatikisa kichwa bila kujua nimekubali nini. Darajani nilikuwa nimeishika pembe ile ndani ya kitambaa kwa mikono miwili, na dereva akanionya nijishike. Nilikuwa nafikiria neno moja tu, mfu, ambalo tunaliandika kwa wino mwekundu.

Tuliuliza nyumba tatu. Ya nne ilikuwa yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi anamenya mihogo, na aliponiona na gauni la nyumbani, jasho, mume nyuma yangu, kisu kilimwanguka.

"Mama mukunga. Kuko nini?"

Nilipaswa kutabasamu. Nimefundisha wanafunzi kutabasamu. Nikasema tu, "Mutoto anacheza?"

"Leo sijui," alisema. "Sijui. Nilikuwa na kazi."

Tulitandika mkeka ndani. Nilimpapasa nikapata mgongo wa mtoto, nikaweka pembe, nikaweka sikio la kushoto, na shingo yangu yote ilipinga, kama kuandika kwa mkono usio wako. Nje jirani alikuwa na redio. Mume wangu akaenda kuomba waizime. Nikafunga macho. Mlio wangu ulikuwepo, shiii, na chini yake pigo zito la polepole, na nikajua hilo ni langu mwenyewe, damu yangu ya mtu mzima. Nikasogeza pembe upana wa vidole viwili. Hakuna. Nikasogeza tena.

Moyo ukaja. Mdogo, wa haraka, kama saa iliyofungwa ndani ya mto. Nilihesabu dakika nzima, halafu nikahesabu dakika ya pili kwa sababu sikutaka kuinuka. Mia moja arobaini. Nilimshika mama yake mkono nikauweka juu ya tumbo lake, nikasema, "Yuko muzima. Yuko muzima kabisa," na ndipo tukalia wote wawili.

Niliona ni haki yake kujua. Nikamwambia: sikio langu la kuume limekufa, nimegundua leo, na siku ile nilipokupima sina hakika nilisikia nini.

Alivuta kitenge akajifunika tumbo.

"Njo maana," alisema. "Siku ile uliweka sikio, ukanyamaza. Ukaondoka, ukazunguka kitanda, ukainama tena upande wa pili. Hukusema kitu. Uliandika tu. Tangu siku ile silali vizuri, Mama. Kila saa naweka mukono. Nilisema, huyu mama ameona kitu, anaogopa kuniambia."

Kwa hiyo nilizunguka kitanda. Nilikuwa nimebadili sikio bila kujijua, na ile mia moja thelathini na sita ilikuwa ya kweli. Nilitaka kumshukuru kwa kuniambia, lakini niliona aibu, maana kosa langu halikuwa pale nilipolitafuta. Siku kumi yule msichana alibeba hofu yangu badala yangu, peke yake, kwa sababu mimi nilikunja uso na sikusema neno.

Dokta wetu nilimwona kesho yake asubuhi. Aligonga chuma chake chenye meno mawili, kile cha kupima masikio, akakisimamisha katikati ya paji langu la uso. "Unasikia wapi?" Mimi nimesoma, najua jibu gani ni zuri na jibu gani ni baya. Nikisikia upande mgonjwa, huenda ni nta tu, au maji. Nilitamani sana kusema kuume.

"Kushoto," nilisema, na wote wawili tukajua ni mshipa wa ndani, si nta.

Alinipa vidonge, akaniambia ukweli kwamba vingefaa zaidi ningekuja siku za mwanzo. Nilivimeza vyote. Nilichorudishiwa ni kidogo: sauti nzito za chini, ngoma ya kanisani, meli ikipiga king'ora. Maneno hayakurudi. Kituoni tulikubaliana kwamba kila moyo nitakaousikiliza mimi, mwenzangu anausikiliza pia, na nikisikia vibaya nasema kwa mdomo, mbele ya mama, "Nimesikia vibaya, narudia." Wanashtuka kidogo. Wanashtuka kidogo tu.

Mdogo wangu alilia kwenye simu kuliko mimi. Kisha akataka kujua kama nitacheza tena. Mimi sikutaka. Kuvaa kaske niliogopa kama kuogopa kuingia chumba alichofia mtu. Lakini baada ya mwezi nilirudi kwa yule papa wa karibu na bandari. Alinikaribisha kwenye kiti, na nikaona amejiweka upande wangu wa kushoto.

Nilimwambia shida yangu yote safari hii. Akafikiri, akaacha kaske pembeni. "Kwako wewe kaske si kitu sana. Kadi njo kitu." Akanionyesha ile yenye kitufe: ukikibonyeza, sauti ya kuume na ya kushoto zinachanganywa kuwa moja, zote zinakwenda pande zote mbili, kwa hiyo sikio lililobaki halikosi kitu. Linajua mtu anakuja. Halijui tu anatoka wapi. Tena kadi ile unaweza kuiwekea mpaka, sauti isizidi kiwango hata mlipuko uwe mkubwa vipi. Niliposikia habari ya mpaka, nikachukua hiyo. Hofu yangu yote sasa ilikuwa imehamia sikio la kushoto. Kaske nilichagua ya kitambaa, yenye matundu, kwa sababu nataka kusikia mtu akibisha mlango.

Alasiri ya kwanza tuliingia kwenye jengo la ghorofa mbili, mdogo wangu mbele. Nikasikia buti. Zilikuwa wazi, karibu sana, na hazikutoka popote: zilikuwa katikati ya kichwa changu. Nikageuka kushoto, hakuna mtu. Nikageuka nyuma.

"Kuume, Yaya!" mdogo wangu alipiga kelele. "Kuume!"

Nilikuwa nimeshakufa. Nikavua kaske, nikapunguza sauti hatua mbili, kwa ajili ya lile sikio moja lililobaki, nikaivaa tena.